Dhahabu Halisi, Sarafu Bandia

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Milan, Italia, palikuwa na karakana iliyotengeneza pauni za dhahabu za Uingereza. Mwenye karakana, José Beraha Zdravko, alikuwa mfanyabiashara kutoka Yugoslavia aliyekimbilia Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huyu hakuwa mtu wa kupaka shaba maji ya dhahabu na kuwauzia wasafiri gizani. Alinunua dhahabu ya kweli, akaiyeyusha pamoja na shaba hadi ikafika karati 22 kama sheria ya Waingereza ilivyotaka, akaigonga kwa mihuri ya chuma iliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Inasimuliwa kwamba pauni zake zilipopimwa zilikutwa na dhahabu iliyozidi kidogo ile ya pauni za London.

Wahenga walituonya kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu. Hapa onyo hilo lisingemfaa mnunuzi, maana kilichong'aa kilikuwa dhahabu kweli, na bado mtu aliuziwa uongo.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoingia katika ukusanyaji wa sarafu za kale za dhahabu za Uingereza huja na hofu moja tu: je, hii ni dhahabu? Huipeleka sarafu kwa sonara, sonara huisugua kwenye jiwe lake, hudondosha dawa, husema ni dhahabu, nao hutoa fedha. Swali hilo ni la lazima, ila ni nusu ya kazi. Sarafu ya kale ya dhahabu ina bei mbili. Iko bei ya uzito, ambayo hupanda na kushuka kila siku pamoja na bei ya dhahabu duniani. Halafu iko bei ya sarafu yenyewe, inayotegemea mwaka iliyogongwa, kiwanda kilichoigonga, ngapi zimesalia, imechakaa kiasi gani na imepita katika mikono ya nani. Karibu kila ulaghai wa biashara hii hukaa katika pengo lililo kati ya bei hizo mbili. Asiyelijua pengo hilo huliwa humo, tena mara nyingi bila kujua kwamba ameliwa.

Beraha aliliona mapema. Tangu mwaka 1934 Marekani ilikuwa imeweka bei rasmi ya dhahabu kuwa dola 35 kwa aunsi. Pauni moja ya dhahabu, ile ambayo Waingereza huiita sovereni, ina gramu 7.32 za dhahabu safi, chini kidogo ya robo ya aunsi. Kwa bei hiyo rasmi, dhahabu iliyomo ilikuwa na thamani ya dola 8 na senti 24 hivi. Lakini Ugiriki, Italia na katika masoko mengi ya Mashariki ya Kati, watu walikuwa wameshuhudia fedha za karatasi zikigeuka takataka wakati wa vita. Walikuwa tayari kulipa zaidi ya hapo, nyakati nyingine zaidi ya maradufu, ilimradi wapewe ile sarafu waliyoizoea, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na Mtakatifu George akimuua joka upande wa pili. Walikuwa wakinunua imani. Faida yake yote Beraha aliipata humo, na kwenye dhahabu yenyewe hakumpunja mtu hata chembe.

Imani hiyo haikuzuka tu. Sovereni tunayoijua leo ilianza kugongwa mwaka 1817, enzi za Mfalme George wa Tatu, baada ya vita vya Napoleon kuivuruga fedha ya Uingereza. Picha ya mpanda farasi na joka ilichongwa na Benedetto Pistrucci, fundi mzaliwa wa Roma, na hadi leo haijapitwa kwa uzuri. Uzito uliwekwa kuwa gramu 7.988, na haujabadilishwa tangu hapo. Dhahabu ilipovumbuliwa Australia, kiwanda cha Sydney kilianza kugonga sovereni mwaka 1855, kikafuatiwa na Melbourne na Perth, kisha Ottawa, na mwaka 1918 hata Bombay. Pretoria nayo ikaingia mwaka 1923. Viwanda vya ng'ambo vilitia alama zao kwenye sarafu, lakini uzito na karati vilikuwa vile vile popote ulipokwenda.

Huku kwetu pia ilifika. Zanzibar na katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambako fedha ya kila siku ilikuwa rupia ya India, sovereni moja ilihesabiwa kwa rupia 15. Hata Wajerumani waliokuwa Tanganyika, walipozingirwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na fedha zikawaishia, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakagonga sarafu yao ya rupia 15 kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Mwaka huo wa 1916 zilitoka sarafu 16,198 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Kaskazini, Arabuni, ofisa Mwingereza T. E. Lawrence alikuwa akigawa sovereni kwa makabila yaliyomwasi Mturuki. Na mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, wanajeshi wa kikosi maalumu cha Uingereza waliingia Iraq wakiwa wameficha sovereni mwilini, ili wakikwama jangwani wapate cha kumpa mtu wa kuwaokoa. Sarafu iliyokuwa na sifa kama hizo, lazima ingeigizwa.

Beraha alikamatwa Uswisi, na ikaombwa arudishwe Italia akashtakiwe kwa kughushi fedha. Utetezi wake ulisimama juu ya hoja moja: pauni ya dhahabu haikuwa tena fedha. Uingereza yenyewe ilikuwa imeiondoa mikononi mwa watu tangu mwaka 1914, ilipotoa noti za pauni moja na za shilingi 10 badala yake, na mwaka 1931 ikauacha kabisa mfumo wa kuifunga fedha yake na dhahabu. Hakuna mtu aliyekuwa akiingia dukani London kununua mkate kwa sovereni. Mwaka 1952 mahakama ya juu ya Uswisi ilikubali kwamba sarafu hiyo haikuwa tena fedha inayotumika, ikakataa kumtoa. London haikulipenda jibu hilo. Mwaka 1957 Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha kifalme, kilianza tena kugonga sovereni kwa wingi, na sababu mojawapo ilikuwa kuwanyima waigizaji soko.

Wanaosimulia kisa hiki wengi huishia hapo, na msikilizaji hucheka kwa jinsi mtu yule alivyokuwa mjanja. Mimi naona maumivu yake huanzia hapo. Pauni za Milan, na nyingine nyingi zilizogongwa Beirut miaka iliyofuata, hazikukusanywa zikayeyushwa zote. Zimo sokoni, zimo kwenye masanduku ya urithi, zimo kwenye mikufu. Aliyezinunua kwa bei ya dhahabu hajapoteza kitu kikubwa. Akiuza leo atalipwa dhahabu yake. Aliyezinunua kwa bei ya mwaka adimu, huyo amepoteza kila kitu kilichozidi uzito, na hasara hiyo huigundua miaka mingi baadaye, au huigundua mwanawe.

Chukua mwaka 1917. Kwa vitabu vya hesabu, London iligonga sovereni zaidi ya milioni moja mwaka huo. Mtu akisoma hivyo atadhani ni sarafu ya kawaida. Lakini nyingi mno zilipelekwa Marekani kulipia vita, zikayeyushwa kuwa vinoo vya dhahabu. Zilizosalia ni chache, na moja iliyo halisi huuzwa kwa maelfu ya pauni. Sasa angalia sovereni za mwaka huo huo zilizogongwa Sydney, Perth au Melbourne: hizo zipo tele, na bei yake haiachani sana na bei ya dhahabu. Tofauti kati yao ni herufi moja ndogo, iliyoko kwenye mstari wa ardhi chini ya kwato za farasi, juu ya tarakimu za mwaka. S ni Sydney, P ni Perth, M ni Melbourne. Ya London haina herufi.

Mwizi hahitaji akili nyingi hapo. Anaweza kuikwangua herufi kwenye sarafu halali. Anaweza kugonga sarafu nzima kwa dhahabu halisi, kama alivyofanya Beraha, akaiacha bila herufi. Na sonara akiisugua kwenye jiwe lake, atasema kweli kabisa: hii ni dhahabu ya karati 22. Sovereni ya 1917 isiyo na herufi imeigizwa mno. Ukiletewa na mtu usiyemjua, kwa bei inayokufanya moyo uende mbio, iache. Sisemi uifikirie. Nasema uiache.

Wako waigizaji wasiojua hata historia ya kitu wanachokiigiza, na hao ndio rahisi kuwanasa. London haikugonga sovereni yoyote yenye tarakimu za kuanzia 1918 hadi 1924. Sovereni ya miaka hiyo isiyo na herufi ya kiwanda cha ng'ambo haiwezi kuwa halali, hata ingekuwa na uzito kamili, hata ingekuwa nzuri kiasi gani. Kwa kujua hilo tu, bila mizani wala dawa, mtu anaweza kujiepusha na hasara ya mshahara wa mwaka. Ndiyo maana wakusanyaji wa zamani hurudia neno lile lile kwa kila kijana: nunua kitabu kwanza, sarafu baadaye. Vijana wengi hawalisikii, kwa sababu kitabu haking'ai.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Sovereni iliyokaa vizuri huwa na gramu 7.98 au 7.99, iliyotembea sana hushuka, na zamani ikishuka chini ya gramu 7.94 hivi haikupaswa tena kupokelewa kama pauni kamili. Upana wake ni milimita 22.05. Mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu haina bei kubwa siku hizi. Kipimo cha upana na unene hupatikana duka lolote la vifaa vya mafundi. Ukiwa na vitu hivyo viwili na lenzi ya kukuzia mara kumi, umeshaondoa bandia nyingi, kwa sababu metali iliyo nyepesi kuliko dhahabu itakulazimisha uchague: ama uzito uwe sawa na unene uzidi, ama unene uwe sawa na uzito upungue.

Nasema nyingi, si zote. Karne ya 19 walikuwako wezi waliotumia platini. Leo tunaijua platini kama madini ya thamani, lakini miaka ya 1860 na 1870 ilikuwa rahisi kuliko dhahabu, na uzito wake ulifaa. Wezi wakaichanganya na shaba, wakagonga sovereni, wakazipaka dhahabu juu. Chache zimesalia, dhahabu imezitoka kwenye kingo, na weupe wa platini unaonekana. Wakati wetu ipo tungsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na ule wa dhahabu safi. Basi mizani isimame pamoja na macho. Tazama herufi za maandishi: kingo zake ni kali au zimevimba kama zilizoyeyuka? Tazama vijimeno vinavyozunguka ukingo wa uso wa sarafu. Tazama uso wa Mtakatifu George, na mkono ulioshika upanga mfupi. Weka pembeni sovereni ambayo una hakika nayo, ulinganishe kipande kwa kipande. Jicho lililoshika sarafu halali mia moja hukataa ya mia na moja kabla kichwa hakijajua sababu, na hakuna njia ya mkato ya kulipata jicho hilo.

Iko hasara nyingine ambayo haina mwizi, na hiyo inaniuma zaidi kwa kuwa tunajitia wenyewe. Zipo nyumba Unguja, Mombasa, Lamu, na za jamaa zetu walioko Maskati na London, zenye pauni za bibi. Nyingi zimekwishatiwa lehemu na kipete ili zivaliwe kwenye mkufu. Aliyefanya hivyo miaka 80 iliyopita alikuwa na haki. Alitaka pambo la harusi na akiba ya siku ya shida, na pauni ilimpa vyote. Lakini leo mrithi anaipata pauni ambayo haijaguswa, anaipeleka dukani itiwe kipete, au anaisugua kwa majivu, kwa dawa ya meno, kwa kitambaa cha kung'arishia vyombo, ili iwe mpya. Lehemu inapoingia ukingoni, au msuguo unapofuta uso, bei ya pili hufa papo hapo. Hubaki uzito. Mwaka 1819 ziligongwa sovereni 3,574 tu, na zinazojulikana leo ni kama kumi. Hebu fikiria moja ya hizo ikianguka mikononi mwa mtu mwenye majivu na limau!

Vivyo hivyo kwa tembo wa Tabora. Sarafu ile ni ya nchi yetu, dhahabu yake ilitoka ardhini Singida, na watu wetu walioigonga walifanya kazi vita vikiwa mlangoni. Inasikitisha kwamba yeye pia ameigizwa sana, na kwamba baadhi ya walio halisi wametobolewa.

Sarafu ya dhahabu daima huishi na hatari ya kuuawa na dhahabu yake. Mwaka 1257 Mfalme Henry wa Tatu aliamuru igongwe peni ya dhahabu, akaipangia thamani ya peni 20 za fedha. Dhahabu iliyokuwamo ilikuwa na thamani kubwa kuliko hizo 20. Pengo lile lile, ila safari hii limegeukia upande wa pili. Watu wakaziyeyusha. Leo zinajulikana kama nane. Mwaka 2021 mtu mmoja aliyekuwa akipita na kifaa cha kutambulia metali katika shamba la Hemyock, Devon, aliikuta moja ardhini. Aliionyesha hadharani, wataalamu wakaitambua, na Januari 2022 ikauzwa kwenye mnada London kwa pauni 648,000. Tangu siku ilipotoka ardhini, kila hatua ya sarafu hiyo inajulikana, na ujulikanaji huo ni sehemu ya bei yake.

Linganisha na yaliyotokea karibu na Leominster, Herefordshire. Juni 2015 wanaume wawili kutoka kusini mwa Wales waliingia na vifaa vyao kwenye shamba ambalo hawakuwa na ruhusa ya kuchimba. Walikuta hazina iliyofukiwa yapata mwaka 878, enzi za Waviking: pete ya dhahabu, bangili ya dhahabu yenye kichwa cha mnyama, kidani cha jiwe la fuwele lililozungushiwa dhahabu, kinoo cha fedha, na sarafu zinazokadiriwa kuwa 300, nyingi zikiwa za fedha. Sheria ya hazina ya Uingereza ya mwaka 1996 inampa aliyeokota siku 14 atoe taarifa. Wangeomba ruhusa kwanza, kisha wakatoa taarifa, hazina ingetathminiwa, jumba la makumbusho lingeinunua, na tuzo ikagawanywa baina ya waliookota na mwenye ardhi. Wangekuwa matajiri kwa njia ya halali, na majina yao yangeandikwa kwa heshima.

Wao wakaanza kuuza kimyakimya. Sarafu zikatawanyika kwa wanunuzi wasiojulikana. Picha walizopiga shambani walizifuta kwenye simu, polisi wakazirudisha. Sarafu nyingine zilikutwa zimeshonewa ndani ya mfuko wa ngozi wa lenzi ya kukuzia. Novemba 2019 mahakama ya Worcester iliwahukumu, mmoja miaka 10 na mwenzake miaka minane na nusu, adhabu zilizopunguzwa baadaye kwenye rufaa. Na muuza sarafu aliyewasaidia naye akafungwa. Kati ya sarafu zile 300, hadi siku ya hukumu zilikuwa zimepatikana takriban 30.

Hasara kubwa si ya fedha. Katika zile chache zilizopatikana, baadhi zinawaonyesha wafalme wawili wamekaa kando kwa kando: Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia. Waandishi wa Wessex walimwandika Ceolwulf kama mtu asiye na maana, kibaraka wa Waviking. Sarafu zinasema alikuwa mshirika wa Alfred aliyepewa heshima sawa naye. Ukurasa mzima wa historia ya Uingereza ulikuwa umelala katika shimo moja, na walioufungua wakauchana vipande wakauza kipande kimoja kimoja. Mpangilio wa sarafu zile ardhini, zipi zilikuwa pamoja na zipi, hautajulikana tena.

Mnunuzi naye asijione yuko nje ya shauri hili. Mwaka 2023 mahakama ya Durham iliwafunga watu wengine wawili kwa kujaribu kuuza sarafu 44 za enzi hizo hizo, zilizokadiriwa kuwa na thamani ya pauni 766,000. Anayenunua sarafu ya kale bila kuuliza imetoka wapi anaweza kunyang'anywa asubuhi moja, bila fidia, hata kama mizani na lenzi vyote vilimpa jibu zuri. Uliza risiti. Uliza iliuzwa mnada gani na lini. Muuzaji mwema hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Na njia ambayo sarafu imepita si lazima iwe ya wizi wa juzi ili itutake tuwe waangalifu. Gini za kwanza za Uingereza, zilizoanza kugongwa mwaka 1663 enzi za Charles wa Pili, zilipata jina lao kutokana na pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, ilikotoka sehemu ya dhahabu yake. Nyingine zina tembo mdogo chini ya shingo ya mfalme. Tembo huyo ni alama ya kampuni ya kifalme iliyoileta dhahabu hiyo, kampuni ile ile iliyowasafirisha watu wetu kwa maelfu kuvuka bahari ya Atlantiki wakiwa watumwa. Minada huisifu alama hiyo kwa kuwa inaongeza bei. Sisemi Mwafrika asikusanye gini zenye tembo. Nadhani afadhali azishike yeye anayejua maana yake. Ila ajue anachokishika, na mwanawe naye aambiwe.

Kwa wale wanaotaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Anzeni na sovereni za kawaida, za Edward wa Saba au George wa Tano, zilizo nyingi, na mzinunue kwa bei inayokaribiana na dhahabu yake, kutoka kwa mfanyabiashara mwenye duka linalojulikana na anayetoa risiti. Mkikosea hapo, hasara ni ndogo. Msinunue kwa simu inayopigwa na mtu mwenye haraka, anayesema zimebaki tano tu. Msinunue kwa sababu mmesikia kwamba Januari 2020 sovereni ya Edward wa Nane ya mwaka 1937 iliuzwa kwa pauni milioni moja. Ile ilitengenezwa kwa majaribio kwa ajili ya mfalme aliyejiuzulu kabla fedha yake haijatoka, na zile zenye uso wake mnazoziona zikiuzwa kwa bei rahisi ni nakala za watu binafsi. Hata sarafu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye cheti, ihakikini namba yake kwa kampuni iliyotoa cheti, maana makasha nayo yanaigizwa.

Walio na pauni za urithi nyumbani nawaomba jambo moja zaidi, tena kabla ya kuzigusa kwa kitambaa au kuzipeleka kwa sonara. Kaeni na mzee aliye hai anayezijua. Muulizeni zilinunuliwa wapi, na nani, kwa harusi ya nani, kwa rupia au kwa shilingi. Zipimeni, zipigeni picha pande zote mbili, andikeni majibu yake kwenye karatasi pamoja na tarehe na jina lake, na karatasi hiyo muiweke pamoja na pauni. Fanyeni hivyo mwaka huu, wazee wakiwa bado wanakumbuka.